Usiianike Juani

Kwa miaka mingi, juu ya mabati ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki betri za redio zilianikwa sambamba na dagaa na makopa ya muhogo. Jioni mwenye nyumba anazishusha, anazirudisha kwenye redio, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku inasikika bila mkwaruzo. Wasomi wa mjini waliicheka desturi hii. Hawakuwa na haki ya kucheka, maana ilifanya kazi, na kwa mtu anayependa kuchokonoa vifaa hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuzielewa betri kuliko hapo.

Betri ile ni mkebe wa zinki. Ndani yake mna uji mzito wenye chumvi ya amonia, unga mweusi wa manganizi, na katikati kijiti cha kaboni. Mfaransa Georges Leclanché alibuni asili yake mwaka 1866, ikiwa na maji ndani ya chupa. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu, ndipo ikaanza kubebeka. Inapotoa umeme, zinki inaliwa polepole, na mabaki ya kazi hiyo yanarundikana ndani, yakiubana umeme njiani kabla zinki yenyewe haijaisha. Ukiipumzisha, mabaki yanatawanyika. Ukiipa joto, yanatawanyika upesi zaidi, na kemia nzima inachangamka. Jua halikuongeza chaji hata chembe; lilifungua njia ili kilichobakia kitoke. Gharama ilikuja baadaye, mkebe ulipotoboka, uji ukavuja na springi za redio zikaota ukungu wa kijani.

Baadaye zikaja betri za nikeli na kadimi, uvumbuzi wa Waldemar Jungner wa Uswidi mwaka 1899, ambazo tulizijua zaidi kwenye redio za upepo, vifaa vya fundi seremala na simu za mkononi za mwanzo. Hizo nazo zilikuja na mila zake. Zilipozoeshwa kutumika nusu tu na kuchajiwa tena, zilianza kugoma zikifika kwenye nusu ile ile. Tabia hiyo iligunduliwa kwenye setilaiti, ambazo kila mzunguko zilitumia kiasi kile kile cha chaji kabla ya kurudi juani. Ndipo likatoka agizo ambalo wauza simu waliendelea kulihubiri hata betri zenyewe zilipotoweka madukani: iache iishe kabisa, kisha ichaji kwa saa nane kabla hujaiwasha.

Betri iliyo mfukoni mwako leo si ya zinki wala ya kadimi. Ni ya lithiamu, na haina haja na desturi yoyote kati ya hizo mbili; zote mbili zinaifupishia maisha. Katika vitu vinavyoletwa mezani kwangu na ndugu, majirani na marafiki wa marafiki, kasoro ya kiwandani ni nadra. Mara nyingi naona betri ya aina moja iliyolelewa kwa malezi ya betri ya aina nyingine.

Jirani yangu mmoja, mtu mzima, alikuja na redio ndogo ya Kichina, zile zenye mdomo wa memori kadi na tochi ubavuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii. Nimeianika tangu asubuhi, haipandi."

Nilipofungua kifuniko nikakuta BL-5C, ile betri bapa ambayo Nokia waliitia kwenye simu za Nokia 1100 na nyingine nyingi, na ambayo sasa imekuwa betri ya kila kitu: redio, spika, tochi, vifaa vya kutafutia gari lililoibwa. Mzee alikuwa ameilaza juu ya bati kama alivyolaza za zinki kwa miaka mingi. Kwa hesabu za betri aliyoizoea hakukosea popote.

Tuingie ndani ya betri ya lithiamu. Upande mmoja pana grafiti, kaboni ileile ya penseli, iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Upande wa pili pana oksidi ya chuma, mara nyingi yenye kobalti, juu ya karatasi ya alumini. Katikati pana utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na kila kitu kimelowa kimiminika chenye chumvi ya lithiamu, kimiminika ambacho kinashika moto. Chukua Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam, siku ambayo pantoni inavusha watu tu, na magari yote yanalazimika kuzunguka kwa Daraja la Nyerere. Watu ni ayoni za lithiamu: wanakatiza majini, kupitia ule utando. Magari ni elektroni: utando hauwapitishi, kwa hiyo wanazunguka nje kwa waya, na huko barabarani ndiko wanakowasha kioo cha simu na kupiga muziki. Kuchaji ni kuwarudisha wote walikotoka. Kila safari abiria wachache wananasa gatini na hawarudi tena. Kwenye betri, hiyo ndiyo tabaka inayoganda juu ya grafiti, ikila lithiamu kidogo kidogo, na hakuna ufundi wa mezani unaoweza kuirudisha.

Watu watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi hii: Stanley Whittingham aliyeanza katika miaka ya 1970, John Goodenough aliyeleta oksidi ya kobalti mwaka 1980, na Akira Yoshino wa Japani aliyeiunganisha na kaboni mwaka 1985 ikawa betri salama kiasi cha kuuzwa. Sony wakaiingiza sokoni mwaka 1991. Goodenough alipokea tuzo akiwa na umri wa miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee kuliko yeye.

Kwa mchokonozi, namba tatu zinatosha kuanzia. Seli moja ya kawaida iliyojaa ina volti 4.2. Katikati ya kazi yake huwa karibu 3.7, ndiyo namba iliyoandikwa juu ya betri nyingi za simu. Ikishuka hadi 3.0 imekwisha kwa matumizi ya kawaida. Mita ya bei ndogo kabisa kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue inapima hayo bila tabu, na kama una hela ya kifaa kimoja tu, nunua mita kabla ya bisibisi nzuri.

Adui wa betri hii ni wawili, joto na kujaa, na wakikutana ndipo panapoharibika. Seli iliyojazwa kabisa ikawekwa mwaka mzima mahali penye nyuzi 40 za Selsiasi inapoteza kama theluthi moja ya uwezo wake bila kutumika hata siku moja. Ile ile ikiwekwa na chaji asilimia 40 tu, katika joto hilo hilo, inapoteza takriban asilimia 15. Sasa fikiria simu iliyojaa, imeachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam mwezi wa Februari, ambako joto hupita nyuzi 60. Au fikiria kompyuta mpakato ya ofisini inayokaa kwenye umeme toka Jumatatu hadi Ijumaa, imejaa muda wote, feni ikiipulizia betri hewa ya moto. Mwenye kompyuta hiyo atakuapia kwamba hajawahi kuichosha betri yake, na atakuwa anasema kweli.

Kuishiwa nako kuna hatari zake. Seli ikishuka chini mno ya volti 2.5 na kukaa huko muda mrefu, ile karatasi ya shaba inaanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukija kuichaji, shaba inaganda tena, lakini si pale ilipokuwa. Inaweza kuota kama vijiti na kutoboa utando. Kwa sababu hiyo sipendi jinsi baadhi ya mafundi wanavyoshtua betri yoyote inayoletwa. Kushtua ni kuipa betri iliyolala umeme kidogo moja kwa moja kutoka kwa betri nyingine, ili ipande hadi chaja iitambue. Betri iliyozimwa na saketi yake ya ulinzi wiki iliyopita, ikiwa bado karibu na volti 2.8, inafufuka vizuri na haina kinyongo. Iliyokaa kabatini miaka miwili ikasoma volti 0.9 itafufuka pia, na hapo ndipo mtego ulipo. Betri ya mzee ilisoma 3.1, ilikuwa na njaa tu. Nilimwonyesha tundu la chaja lililokuwa nyuma ya redio, ambalo alidhani ni la spika za masikioni.

Hamu ya kuchokonoa humpata mtu zaidi akifungua betri ya kompyuta mpakato ya zamani, zile zinazochomoka kwa kusukuma vifungo viwili. Kabla hujaifungua, soma kibandiko chake: volti 10.8, miliampea-saa 4400, wati-saa 48. Wengi wanaangalia namba ya katikati tu, lakini hadithi nzima iko katika zote tatu. Volti 10.8 ni seli tatu zilizofuatana, kila moja 3.6. Miliampea-saa 4400 ni seli mbili za 2200 zikikaa bega kwa bega. Kwa hiyo ndani mna seli sita katika jozi tatu, hata kabla hujagusa plastiki. Zidisha 10.8 kwa 4.4 upate 47.5, na kiwanda kimekwishaifanya 48.

Fungua plastiki kwa kadi ya zamani ya benki, polepole, usitumie kisu. Seli zilizomo ni mitungi midogo ya milimita 18 kwa 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Weka ncha za mita kwenye kila jozi. Kwenye betri ambayo kompyuta inasema imekufa, mara nyingi utakuta jozi moja inasoma 3.9, ya pili 3.9, na ya tatu 1.2. Jozi moja imeanguka, na kwa kuwa zote zimefuatana, ile saketi ya ulinzi imekataa betri yote. Mwenye kompyuta ameambiwa anunue mpya. Mchokonozi anaona seli nne zenye uhai.

Seli hizo nne hazirudi kwenye kompyuta. Wengi hujaribu, wakitia jozi mpya mahali pa ile mbovu, na wanakwama kwenye chipu. Ndani ya betri ya kompyuta mna kichipu kinachohesabu kila chaji inayoingia na kutoka. Vikikatiwa umeme au vikiona volti isiyoeleweka, vingi hujifunga na havifunguki bila programu maalumu. Mwaka 2011 mtafiti wa usalama Charlie Miller alionyesha kwamba vichipu vya betri za kompyuta mpakato za Apple vilikuwa vimeachwa na nywila ya kiwandani, hivyo aliyeijua aliweza kuviandikia upya. Kwa mtu wa kawaida mlango huo haufai kuhangaikiwa. Zitoe seli, zichaji moja moja kwenye chaja inayopima, ziache zitoe umeme hadi mwisho huku chaja ikihesabu, halafu uandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja kilichopatikana. Iliyozaliwa na 2200 ikirudi na 1700 itaendesha tochi au redio kwa miaka. Ikirudi na 600, au ikipata moto mkononi wakati wa kuchajiwa, iweke kando. Na usiilehemu seli moja kwa moja. Joto la pasi ya kulehemu linaharibu mihuri iliyomo. Viwanda hutumia vipande vya nikeli vilivyobanwa kwa mshtuko wa umeme wa sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mezani kikalio cha plastiki chenye springi kinatosha.

Ukishazoea seli hizi, jicho linafunguka dukani. Utaona 18650 zilizoandikwa 9900, wakati mwingine zaidi. Seli bora kabisa za ukubwa huo zinafika kama 3500. Kinachozidi hapo sana ni uongo uliochapwa vizuri. Muuzaji anayekuruhusu kupima amekupa silaha: seli halali ina uzito wa karibu gramu 45, na mzani wa jikoni wa dijitali unaisema upesi kuliko mita. Nyepesi mno ina seli ndogo ndani ya ganda kubwa.

Pawabanki zinahitaji haki yake, maana zinalaumiwa hata zisipodanganya. Mtu ananunua ya 20,000, simu yake ina 5,000, anategemea kuijaza mara nne, anapata mara mbili na nusu, anamwita muuza duka mwizi. Ile 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo, yaani wati-saa 74. Mdomo wa USB unatoa volti 5. Gawa 74 kwa 5 upate 14,800. Ondoa kinachopotea kama joto katika kupandisha volti, na kingine kinachopotea ndani ya simu inapojichaji, na mara mbili na nusu inaanza kuonekana ya haki. Wati-saa ndiyo namba ya kuaminika kulinganishia, na mashirika ya ndege yameielewa vizuri: kikomo chao cha kawaida cha betri ya kubeba ndani ya ndege ni wati-saa 100.

Lalamiko jingine la kila wiki ni simu inayozimika ikiwa na asilimia 25. Hapa asilimia haidanganyi sana. Kilichobadilika ni ukinzani wa ndani. Betri inapozeeka, umeme unapata taabu kutoka upesi. Ukisoma ujumbe, simu inadai kidogo na betri inamudu. Ukifungua kamera na flashi, inadai kwa ghafla, volti inaporomoka kwa nukta ya sekunde hadi chini ya kiwango ambacho simu inaweza kufanyia kazi, na simu inazima kujiokoa. Ichomeke kwenye chaja, itawaka na asilimia ile ile 25. Apple walijaribu kulitatua jambo hili kimya kimya kwa kupunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Desemba 2017 wakakiri, watu wakakasirika, na bei ya kubadilishiwa betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Nadhani walikosea kunyamaza, lakini hesabu yao ya umeme ilikuwa sahihi. Betri mpya ilirudisha kasi ya simu, jambo ambalo mafundi wa simu wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, wangeweza kulifanyia tangazo la biashara.

Uvimbe si wa kuchezea. Kimiminika kikioza ndani, kwa uzee, kwa joto au kwa kuchajiwa kupita kiasi, kinatoa gesi, na betri bapa inafura hadi kusukuma kioo cha simu au kuinua padi ya kugusa ya kompyuta mpakato. Zile chaja za kobe, zenye meno mawili ya kusogeza na taa za rangi rangi, zilifurisha betri nyingi za simu za vitufe, kwa kuwa nyingine zilikuwa na saketi ya kubahatisha na hazikujali mguso wa tatu ambao betri inautumia kujitambulisha. Hata viwanda vikubwa huteleza. Mwaka 2007 Nokia walitoa onyo kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na kampuni moja ya Japani. Mwaka 2016 Samsung waliziita simu za Galaxy Note 7 zirudi, zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, na Januari 2017 wakaeleza kwamba kasoro zilikuwa mbili tofauti kutoka kwa watengenezaji wawili wa betri.

Betri iliyovimba usiichaji tena hata kidogo. Usiibonyeze irudi, na usiitoboe kutoa gesi, kama nilivyoona ikifanywa kwa sindano na kuitwa ufundi. Izime simu, itoe betri bila chuma kama unaweza, iweke kwenye ndoo ya mchanga nje ya nyumba. Meza ya mchokonozi isikose ndoo hiyo. Ikishika moto, ondoka kwenye moshi wake kwanza, ni sumu; maji mengi husaidia kupoza seli za jirani zisifuate.

Kwa matumizi ya kila siku, unayopaswa kufanya ni machache kuliko wanavyodhani wanaolala na wasiwasi wa asilimia. Simu na kompyuta nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Uwashe, hasa kwa kompyuta isiyotoka mezani. Chaji kidogo kidogo upendavyo, haikumbuki. Usiichaji chini ya mto. Kifaa utakachokiweka muda mrefu kiache na nusu ya chaji, kabatini penye ubaridi. Zaidi ya hapo ni kumtumikia mtumishi wako. Betri ya simu ni kitu cha kubadilishwa kama matairi, na kosa kubwa ni la waliozifunga kwa gundi. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vilivyosamehewa, na simu zile zile huishia mikononi mwetu, mpya au zilizotumika.

Zilizokufa kabisa zifunge utepe wa gundi kwenye ncha zote mbili kabla ya kuziweka pamoja, maana seli iliyokufa kwa simu bado ina umeme wa kuwasha karatasi. Usizitupe kwenye shimo la taka linalochomwa jioni. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Mahali ambapo hakuna kituo, ziweke kwenye kopo kavu la bati lenye mchanga, kifuniko kisibanwe, mbali na jiko na watoto, na uwaulize wanunuzi wa vyuma chakavu kama wana mtu anayezikusanya kwa ajili ya kobalti. Wengine wanazinunua kwa kilo.